Jembe la Mgeni

Jumatatu ni siku ya mizani.
Namshika shina la mkia, namtia kikoponi,
nasubiri tarakimu zitulie:
ishirini na mbili nukta nne.
Nje ni Tomsk, baridi ya kupasua msumari,
dirisha limeota manyoya ya barafu
na basi la alfajiri limegoma kuwaka.
Humu kuna joto. Unga wa mbao unanukia msonobari.

Kushoto weusi, kulia weupe.
Wote tuliwapa mdudu mmoja, kipimo kimoja, mchana mmoja:
yule mpole, wa chanjo,
binamu aliyefugwa wa yule muuaji.
Siku ya ishirini na moja tukafungua matumbo.
Wengu la mweupe, dogo, ulimi wa paka mchanga.
Wengu la mweusi limefura, limejaa vipele.
Nikasaga, nikamimina kwenye sahani,
nikangoja wiki tatu
madoa yachipue, rangi ya maziwa yaliyoganda.
Kisha kuhesabu, kidole juu ya kioo.
Mweupe: tisa.
Mweusi: niliachia mia tano, macho yalichoka.

Daktari Veniamin alinichorea ubaoni
siku nilipouliza, mimi mbadilisha maji na pumba.
Seli humeza mdudu, akasema,
humfungia chumbani, mlango ukazibwa.
Ukutani mwa chumba kuna pampu,
nayo huvuta chuma chote nje,
kila chembe, hadi mdudu hana cha kujengea mwili.
Weusi wana pampu hiyo pia,
ila ina herufi moja iliyokosewa.
Moja, Aglaya. Akaizungushia chaki.

Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Mweupe hampi.
Mweusi, mkarimu wa watu, anampa,
naye mgeni analima,
analima sebule, analima jiko,
analima mpaka chini ya kitanda cha mwenye nyumba.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu usiku ule
nikiwa na herufi yangu mfukoni kama ufunguo.
Maana nina kaka. Nilikuwa naye.
Yefim alirudi kutoka kambi ya magogo na kikohozi
na koti lililomzidi mabega.
Chumba kimoja, jiko moja, birika moja la chai;
alikunywa, nikamalizia.
Machi ilimkuta na kilo arobaini na moja.
Mimi walinidunga mkononi, pakavimba upana wa sarafu:
umo, wakasema, umo ndani yako, umelala.
Mama hakulia mbele yangu.
Aliuliza tu, huku anakunja shuka zake:
tumbo ni lilelile. Kwa nini yeye?

Basi nilitaka kumpelekea herufi.
Nilitaka kusema, Mama, ni kosa la mwandishi.

Lakini ghorofa ya juu, nyuma ya milango miwili
na barakoa zinazokata pua,
wanamtumia mdudu mwenyewe, asiyefugwa.
Niliazimwa huko mwezi mmoja.
Nikaenda nikijua nani atapona.
Wa kwanza kukonda walikuwa weupe.
Manyoya yakasimama, migongo ikapinda,
gramu zikidondoka kila Jumatatu
kama vifungo vya koti kuukuu.
Weusi walikula, wakatafuna mbao, wakazaa.
Na pampu? nikamuuliza Daktari.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Huyu haijali pampu, akasema.
Huyu ana mlango mwingine. Au kumi.
Hatujui.

Mama bado anauliza, siyo kwa maneno.
Anaweka vikombe viwili mezani, anaondoa kimoja.
Nami sina la kumpa ila hili:
namba thelathini na moja, mweusi, sikio la kushoto limetobolewa,
leo ameongezeka nusu gramu.
Nimempima mara mbili.
Nimeandika.
Ameninyea kiganjani, akarudi kwenye pumba,
akalala.